Chai ya Langi

Mpelelezi hakuwa na bastola. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa umri wa baba yangu wangekwambia juu yake. Alikuwa na kofia ya kitambaa, subira, na adabu ya kuwaamkia wakubwa wote shikamoo, hata mwizi aliyemzidi umri, muda mfupi kabla ya kumtia pingu. Alitoka pwani, katika vitabu vyembamba vilivyochapwa wazazi wangu wakiwa vijana. Alikuwa na jina, bila shaka, lakini nyumbani tulimwita Mpelelezi tu, kana kwamba nchi nzima ilikuwa naye mmoja.

Kila kitabu kilikwenda kwa njia ile ile. Mpelelezi aliketi mahali watu wanapokunywa kitu, akawaacha wazungumze. Karibu na mwisho mtu alitamka jambo dogo, la kupita, naye akaweka kikombe chini akasema, "Nimesikia." Basi. Hakueleza amesikia nini. Aliinuka akaenda kumkamata mwenye kosa, na wewe ukabaki unarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta neno alilolisikia yeye nawe ukalipita. Baba alinisimulia kwamba kitabu kimoja kilimsumbua melini njia nzima kutoka Mwanza hadi Bukoba. Neno lenyewe alilipata akiwa ameshashuka gatini, mzigo begani, akacheka peke yake hadi watu wakaanza kumkwepa.

Vitabu hivyo nilivirithi vikiwa havina majalada. Mwandishi wake alikuwa amefariki zamani, na mimi nilikuwa nimevimaliza vyote mara nyingi kiasi kwamba sikuwa na njia nyingine ila kuanza kumtungia vingine mwenyewe. Nilimaliza darasa la saba nisichaguliwe kwenda sekondari. Nikaja mjini Mwanza kwa shangazi, aliyekuwa na meza ya mitumba soko la Mlango Mmoja, na kazi yangu ikawa kunyoosha makoti yaliyotoka kwenye belo yakiwa yamekunjamana kama majani ya tumbaku. Katikati ya koti na koti niliandika. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa na kamusi iliyonyofoka mwishoni, ikakomea herufi T, na kwa muda mrefu maneno ya kuanzia U na kuendelea niliyaandika kwa kubahatisha. Neno "wasiwasi" sikuwahi kulithibitisha, ingawa hali yenyewe niliijua kuliko kamusi yoyote.

Ninakiri kwamba nilikuwa mgonjwa wa usafi wa ukurasa. Nikikosea herufi moja sikuikata. Nilichana karatasi nikaanza upya, na nikifika pale pale nilikosea tena. Shangazi alilalamika kuwa daftari zinaisha nyumbani kwake haraka kuliko sabuni.

Na kosa nililoliogopa kuliko yote lilikuwa la herufi mbili. Kwetu, upande wa Ngudu, ulimi haukufundishwa r. Darasa la tano mwalimu alinisimamisha mbele niseme "rangi ya barabara," nikasema ilivyotoka, na darasa lilicheka mpaka kengele. Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa kinywa changu. Nikijua nakwenda kuzungumza na mtu mwenye heshima zake, nilichagua mapema maneno yasiyokuwa na l wala r. Yapo mengi kuliko unavyofikiri, lakini mazungumzo yanakuwa mafupi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na magazeti yakawa yanazuka kama uyoga. Mjini kwetu nako likaanzishwa la kila wiki, ofisi yake juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Mhariri wake alikuwa mtu wa rika la baba yangu, yaani mtu aliyelelewa na Mpelelezi. Alisafiri mpaka pwani akawaona watoto wa yule mwandishi, akawaomba ruhusa ili waandishi wapya waendelee kumwandika Mpelelezi. Wakamkubalia kwa masharti matatu, naye akayachapa gazetini kwa herufi nene: asioe, asife, asieleze.

Niliposoma lile la tatu nilipiga goti kwa furaha nyuma ya makoti. Walikuwa wamemwelewa.

Mpango wa mhariri ulikuwa kwamba waandishi watatu wapewe hadithi moja moja. Zingetoka bila jina la mtunzi, ili Mpelelezi apimwe yeye mwenyewe. Yule ambaye wasomaji wangesema "ndiye" katika hadithi yake angekabidhiwa Mpelelezi aendelee naye. Nilitaka kukabidhiwa. Sijawahi kutaka kitu kwa namna ile, hata sekondari.

Kisa nilikipata mezani petu. Siku moja mteja mmoja, bwana wa pwani aliyekuwa akijaribisha mashati, alimuuliza shangazi kwa uungwana habari za watoto. Shangazi akamwambia kijana wake yuko Geita kwenye machimbo, anatafuta mahali.

"Nyumba za kupanga Geita ni shida kiasi hicho?" aliuliza yule bwana.

"Nyumba?" Shangazi alimtazama. "Nyumba atajengewa na nani? Mahali kwanza."

"Ndiyo, mahali pa kukaa."

"Baba, akishakaa ndiyo ng'ombe watakuja wenyewe?"

Yule bwana alinunua shati akaondoka, akiwa na hakika kwamba mama huyu ana kasoro kidogo. Shangazi naye alibaki na hakika hiyo hiyo juu yake. Mimi nilikuwa nimeshika pasi hewani. Nilikuwa nimesikia.

Basi nikampeleka Mpelelezi Busisi. Mfanyabiashara wa mabondo, yale matumbo ya hewa ya sangara yanayokaushwa na kwenda kuuzwa nchi za mbali, anavuka na gunia lake kutoka Kigongo. Pantoni inafika ng'ambo, gunia halipo. Kuna kijana aliyeonekana karibu nalo, na mtu pekee aliyezungumza naye ni mama muuza chai pale Busisi. Mama anasema, "Aliniambia anatafuta mahali." Mpelelezi, mtu wa pwani, anaelewa kama yule mteja wetu alivyoelewa. Anazunguka nyumba za wageni zote, Busisi mpaka Sengerema, akimuulizia mgeni anayetafuta chumba. Hampati. Anarudi kwa mama amechoka, anaketi, na mama anamuuliza, "Nikupe ya maziwa au ya langi?"

Hapo anaweka kofia mezani. "Nimesikia." Na swali linalofuata analomuuliza mama ni nyumba gani hapo jirani wanapokea posa.

Hadithi nzima ilining'inia kwenye herufi moja. Mama aliyesema "langi" kwa rangi ndiye aliyesema "mahali" kwa mahari. Sikueleza popote. Nilijivunia mno kwamba sikueleza. Nilinakili upya mara nyingi, na katika nakala ya mwisho herufi ile l ya "langi" niliiandika kwa uangalifu kuliko sahihi yangu.

Nikaipeleka. Nilikuwa nimejiandaa. "Shikamoo. Nimekuja na hadithi." Mhariri akaitikia, akauliza inahusu nini. Nikasema, "Busisi." Akauliza kuna nini Busisi. Nikasema, "Mabondo." Akanitazama juu ya miwani, akasema inaonekana mimi maneno yangu yote nimeyamalizia kwenye karatasi, na akaniambia nimwachie Mwalimu. Mwalimu alikuwa mstaafu aliyeketi dirishani na kalamu nyekundu. Yeye ndiye aliyesahihisha kila kitu kabla hakijakwenda mtamboni.

Sasa lazima nieleze Jumamosi za Mlango Mmoja. Gazeti liliponunuliwa, lilinunuliwa moja kwa mstari mzima wa meza, na aliyelisoma kwa sauti alikuwa muuza mikanda, kaka mmoja aliyepunguzwa kazi kiwandani Nyakato na ambaye sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na mashine. Hakimu alikuwa fundi cherehani, mzee aliyekata suruali za mtumba zilizowazidi watu urefu. Fundi alikuwa amevisoma vitabu vyote vya Mpelelezi vilipokuwa vipya, na watu walisubiri aseme.

Hadithi ya kwanza ya waandishi wapya ilimpa Mpelelezi bastola na kumrusha ukuta. Fundi hakuacha hata kukanyaga cherehani. "Huyu siye," alisema. "Huyu mgambo." Ya pili ilikuwa na siri nzuri sana, nakiri niliionea wivu, lakini mwishoni Mpelelezi aliwakusanya watu sebuleni akawafafanulia hatua kwa hatua. "Huyu naye siye. Huyu mwalimu wa hesabu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao huku nikilinyoosha koti lile lile mara ya pili, kwa sababu iliyofuata ilikuwa yangu na aliyejua ni shangazi peke yake.

Jumamosi ile gazeti lilipofika nilimuomba muuza mikanda anipe niangalie kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa chai. Ilikuwa imechapwa vizuri, wino haukuvuja, na iliandikwa hivi: "Nikupe ya maziwa au ya rangi?"

Mwalimu alikuwa ameisahihisha.

Nilisoma tena. Mpelelezi amechoka, anaulizwa kuhusu chai kwa Kiswahili kilichonyooka, anaweka kofia mezani, anasema amesikia, kisha anaulizia posa. Alikuwa ametoka kwenye chai akaingia kwenye harusi kama mtu mwenye homa. Nilimwambia shangazi ninakwenda ofisini kuwazuia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi ofisi imefungwa, gazeti liko mikononi mwa watu, na kuna belo halijafunguliwa. "Kaa," alisema. "Usikie kwanza."

Nikajificha nyuma ya makoti ya baridi, yale marefu ambayo Mwanza hayanunuliwi ila na walinzi, nikasikia hadithi yangu ikianza kusomwa.

Muuza mikanda alisoma vizuri. Watu walipapenda pale penye pantoni, walipenda Mpelelezi alivyomwamkia nahodha. Walimcheka alipokuwa akigonga nyumba za wageni. Nilikuwa nimeuma kola ya koti la mtu wa Ulaya nisiyemjua. Akafika kwa mama wa chai, akasoma sentensi ile kwa sauti yake ya kiwandani, kama mdomo wake ulivyozaliwa:

"Nikupe ya maziwa au ya langi?"

Hakufanya makusudi. Macho yake yaliona r, na ulimi ukatoa ulichokuwa nacho. Akaendelea mpaka "Nimesikia," mpaka swali la posa, akasimama kuvuta pumzi.

"Posa imetoka wapi tena?" aliuliza mwanamke wa meza ya viatu. "Si alikuwa anatafuta chumba?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nilichungulia kati ya mikono miwili ya makoti nikamwona fundi ameinua kidole.

"Rudia kwa mama," alisema. "Anamuuliza anywe nini?"

"Ya maziwa au ya langi."

"Ya langi."

"Ndiyo, mzee. Ya langi."

"Na yule kijana, mama alisema anatafuta nini?"

"Mahali," alisema muuza mikanda, na nikaona uso wake ukianza kubadilika. "Mahali. Aa, mzee."

"Mahali ya ng'ombe," alisema fundi.

Kicheko kilianzia kwenye meza ya viatu kikaenda mpaka kwa wauza masufuria ambao hata hawakuwa wakisikiliza. Watu walielezana upya, kila mtu kwa jirani yake, kwa Kiswahili kile kile cha mama wa Busisi, na hakuna aliyeona aibu. Mtu alisema hata yeye posa yake ilikwama kwa sababu mjumbe alikuwa mtu wa Tanga. Fundi alisubiri watulie, akapangusa miwani yake kwa kipande cha suruali.

"Huyu ndiye," alisema. Akarudi kukanyaga cherehani.

Nilitoka nyuma ya makoti nikijifanya natafuta pasi. Shangazi alikuwa ameshika shati mkononi bila kulikunja, ananitazama.

"Kumbe mama wa Busisi ni mimi," alisema.

Nikamwambia si yeye hasa.

"Yule bwana wa mashati. Nyumba za Geita." Aliliweka shati mezani. "Umeniuza gazetini, mwanangu, na hata soda hujaninunulia." Lakini siku nzima alimsimulia kila mteja habari ya mama mmoja mwerevu wa Busisi, na kufikia jioni siri ya nani aliyeandika ilikuwa imekwisha.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Sikuwa nimejiandalia maneno, na hilo peke yake lilinitisha ngazi nzima. Mhariri hakuwapo bado. Mwalimu alikuwa dirishani, gazeti limefunguliwa mbele yake, na kabla sijamaliza shikamoo alisema kwamba nimemnyima usingizi. Ameisoma hadithi mbele na nyuma. Watu wawili wamekuja kumuuliza ameshindwa kuwajibu.

"Binti, alijuaje habari ya posa?"

Nilifikiria sharti la tatu. Kisha nikafikiria kwamba lilimhusu Mpelelezi, halikunihusu mimi.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nimeandika langi."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu darasa la tano kulitamka hivyo mbele ya msomi, kwa sauti, kwa kutaka. Hakucheka. Aliliangalia gazeti, midomo ikisogea, na nikaona alipofika. Akavua miwani.

"Mama yangu, kule Misungwi, alikuwa akichemsha chai ya langi," alisema. "Miaka yote nimewachapa watoto kwa herufi hiyo. Nilianza na mimi mwenyewe." Akaigusa sentensi ile gazetini. "Nikaichapa na hii."

Alitaka wiki inayofuata tutoe masahihisho. Nilimwambia hapana haja, kwamba Mlango Mmoja walikwishaisahihisha wenyewe kwa mdomo, nikamsimulia kuhusu muuza mikanda. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kirefu cha mtu mzima, mpaka mwenye duka la vipuri akapanda kuuliza kuna nini. Mhariri alipofika alitukuta tunakunywa chai, na akasema, akimtazama Mwalimu, kwamba kumbe huyu binti anazungumza. Kisha akaniambia Mpelelezi ni wangu, ila nisimuoze, nisimuue.

Nilirudi Mlango Mmoja kwa miguu, na barabarani nilisalimia watu nisiowajua.

Ungedhani baada ya hapo niliacha kuchana karatasi. Sikuacha. Ninamwandika Mpelelezi mpaka leo, na bado nachana. Ila mimi na Mwalimu tulipatana jambo. Kila alipokutana na herufi mbovu katika vinywa vya watu wangu, wavuvi, wauza mabondo, mama zangu wote wa chai, hakuigusa. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: ibaki. Gazeti likishatoka, kurasa zangu zilirudi zimejaa neno hilo, na niliyapenda yale mekundu kuliko nyota za darasani.

Katika hadithi ya pili Mpelelezi alikuja Buhongwa kuchunguza ng'ombe walioibwa. Ilitoka Jumamosi, nikaishika mwenyewe kabla ya kusomwa, na katikati ya ukurasa nikamkuta Mpelelezi, mtu wa pwani, mtu ambaye vitabu vyote vya baba havimwonyeshi akikosea hata nukta, anamwambia askari, "Wewe pita porini, mimi nitafuata balabala."

Sikuwa nimekusudia. Lilikuwa langu, limeniponyoka katika nakala ya mwisho, ile niliyoinakili kwa uangalifu kuliko zote. Na Mwalimu, akidhani ni ufundi, alikuwa ameandika ibaki.

Muuza mikanda aliisoma na hakuna aliyestuka, maana kinywani mwake barabara zote zilikuwa balabala. Nilianza kupumua. Lakini fundi alikuwa na desturi ya kulichukua gazeti mwishoni na kulisoma tena mwenyewe, kimya, kidole kikifuata mstari. Nikakiona kidole kikisimama. Kilikaa pale muda. Nikamsogelea nikamuuliza, kama mtu asiye na shida yoyote, kama ameiona kasoro.

"Mpelelezi anasema balabala," alisema.

Nilifungua mdomo kuomba radhi. Nilikuwa hata nimeshapata wa kumsingizia, mtambo wa kuchapia.

"Amekaa sana huku," alisema fundi, akalikunja gazeti vizuri na kuliweka chini ya mkasi wake. "Ameshakuwa mwenyeji." Kisha akamwita muuza chai aliyekuwa akipita na birika, akaagiza vikombe viwili vya langi, cha pili changu.